Namba ya Sanduku na Ufunguo Wake

Barua zilizokwenda Bukoba kwa miaka mingi hazikuwa na desturi ya kumtafuta mtu nyumbani kwake. Zilifika mjini, zikapangwa posta, zikatiwa katika masanduku yaliyoshikamana ukutani kama mizinga ya nyuki, na kila sanduku likawa na namba yake. Mwenye sanduku alikwenda mwenyewe, au alimtuma mtoto, akafungua, akachukua kilicho chake. Namba ile haikuwa siri. Iliandikwa juu ya karatasi za shule na misheni, juu ya mbao za maduka, juu ya stakabadhi, na juu ya bahasha zilizopita mikononi mwa makuli na makarani wasiojulikana. Watu mia waliweza kuitaja namba ya sanduku la padri au la mfanyabiashara. Lakini hapana hata mmoja wa mia hao aliyepata barua kwa kuitaja tu. Ufunguo ulikuwa kitu kingine, nao ulikaa mfukoni.

Mbele ya posta tofauti hii ni nyepesi hata huonekana haistahili kutajwa. La ajabu ni kuwa hupotea mara mtu mwenye akili timamu anapoketi mbele ya kompyuta na kuanza kutengeneza anwani za namna nyingine.

Anwani ya intaneti imefanana na anwani ya posta kwa sura. Sehemu yake ya kwanza hutaja nyumba, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa. Na sehemu inayofuata, iliyokatwakatwa kwa alama ya mkwaju, hutaja kinachotakiwa ndani ya nyumba hiyo. Anayeandika wakulima/45/ mwishoni mwa anwani huwa amesema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba anataka habari za wakulima, na kwamba katika wakulima anamtaka wa arobaini na tano. Neno wakulima halibadiliki. Arobaini na tano hubadilika, kesho ikawa sitini na mbili. Kile kinachobadilika mafundi hukiita parameta. Hapana haja ya kuandika kurasa elfu kwa wakulima elfu. Ukurasa mmoja hutosha, ukipewa kila mara parameta ya yule anayeulizwa.

Kazi ya kuipokea parameta na kuikabidhi panapostahili hufanywa na kiunzi, yaani nguzo na mapao yaliyokwisha simamishwa na wengine ili fundi asianze kila nyumba kwa kuchimba msingi. Kwa waandikao lugha ya Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa hadharani mwaka 1991, viunzi viwili vina sifa kuliko vingine: Django na Flask. Flask kilitolewa mwaka 2010 na Armin Ronacher wa Austria. Django kilizaliwa mwaka 2003 katika ofisi ya gazeti la mji mdogo wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, kikafunguliwa kwa watu wote Julai 2005, kikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Si jambo la bahati kwamba kilizaliwa gazetini. Gazeti lina habari mpya kila siku, na kila habari yataka anwani yake itakayosomeka na kudumu. Waliokuwa wakiandika haraka kabla ya gazeti kutoka walihitaji chombo ambacho anwani zake hazitawachelewesha. Wala mambo haya hayakubaki ng'ambo. Novemba 2023 mafundi wa Django wa bara la Afrika walifanya mkutano wao wa kwanza, nao ulikuwa Unguja.

Ndani ya Django huwamo orodha ya mifano ya anwani, mfano mmoja katika kila mstari. Mstari wa wakulima waweza kuandikwa hivi: wakulima/<int:namba>/. Mabano yale yenye ncha ni tundu lililoachwa wazi ukutani: chochote kitakachopita hapo kitaitwa namba, na neno int ni bawabu anayesimama tunduni na kukataa kila kisicho tarakimu. Ombi likija, kiunzi huisoma orodha kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoshinda. Kisha huita funksheni iliyotajwa kando ya mstari huo, yaani fungu la maagizo lenye jina, na kuikabidhi vitu viwili: ombi lenyewe na namba iliyokamatwa. Funksheni hiyo, ambayo mafundi huiita ya mwonekano kwa kuwa ndiyo itoayo kitakachoonekana, huitafuta namba katika hazina ya kumbukumbu na kurudisha ukurasa. Jina lililo ndani ya mabano na jina linalongojwa na funksheni sharti liwe moja. Mmoja akisema namba na mwingine akisubiri nambari, kazi husimama palepale. Huo ni ugomvi wa dakika moja, ambao fundi hucheka na kuusahihisha. Magumu yako mahali pengine.

Magumu hayo yalimfika kijana mmoja wa Rwamishenye, aliyejifunza Python katika simu kabla ya kupata kompyuta yake mwenyewe. Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, huko juu katika nchi ya Kamachumu, wilaya ya Muleba, kilimwomba akitengenezee tovuti ambamo kila mwanachama angeweza kusoma kilo alizopeleka, makato aliyokatwa na malipo aliyobakiziwa. Ombi lilikuwa la haki. Ushirika wa kahawa ni jambo la zamani katika nchi hii. Chama kikuu cha Bukoba kilianza mwaka 1950, na tangu hapo hapana msimu uliopita bila mkulima fulani kusimama dirishani na stakabadhi iliyofifia, akibishana na karani juu ya maganda aliyoyapeleka kwa kichwa au kwa baiskeli. Maganda, kwa watu wa Kagera, ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake. Ndiyo hupimwa, na ndiyo hugombewa.

Kijana aliandika mstari wake wa wakulima, akaweka int, akapanda gari kwa njia ya Muhutwe, akaenda kumwonyesha karani wa chama. Karani alikuwa mama wa makamo aliyeshika daftari kwa miaka mingi, na meza yake ilikuwa na kisahani cha kahawa ya kutafuna kwa ajili ya wageni. Kijana aliamkia, akakaribishwa, akatafuna punje mbili kwa adabu, akafungua kazi yake. Mama yule aliandika 0045, ukurasa ukaja, akautazama kwa muda.

"Mwanangu, huyu siye," alisema. "Huyu uliyeniletea ni arobaini na tano, mzee wa bondeni. Mimi nimemtaka sifuri sifuri arobaini na tano, binti aliyeingia tulipounganisha matawi mawili."

"Lakini, Mama, sifuri ikitangulia namba haina thamani."

"Katika hesabu yako haina. Katika daftari langu ina mtu."

Kwa hakika mama alikuwa ameitaja, bila kujua lugha yoyote ya kompyuta, kasoro ambayo vitabu vingi huipita kimya. Bawabu aitwaye int hakatai tu herufi; pia huigeuza kila namba kuwa idadi kabla ya kuikabidhi, na idadi haijui sifuri za mbele. 0045 huingia tunduni, 45 hutoka upande wa pili. Kwa kilo za maganda hilo si kosa. Kwa namba ya mwanachama ni kosa kubwa, maana namba ya mwanachama si idadi ya chochote. Hapana anayeijumlisha wala kuigawa. Ni jina lililovaa tarakimu. Namba ya simu ni vivyo hivyo, na anayeihifadhi kama idadi huipoteza sifuri yake, akampigia nani?

Kijana alikubali, akamwondoa int, akaweka bawabu mwingine aitwaye str, apokeaye maandishi yoyote na kuyapitisha kama yalivyo. Sifuri zikarudi. Lakini mlango uliopanuliwa kwa ajili ya mmoja hupitisha wengi. Chini ya mstari ule palikuwa na mstari mwingine, wakulima/mpya/, wa kuandikisha wanachama. Maadamu int alikuwa mlangoni, neno mpya lilikataliwa juu likashuka hadi mahali pake. Sasa str alilipokea kwa mikono miwili. Na kila aliyetaka kuandikishwa akawa anatafutwa katika daftari kama mkulima wa zamani aitwaye Mpya, asionekane. Ilitosha kuupandisha mstari wa pili juu ya wa kwanza. Ijapokuwa dawa ilikuwa ndogo, siku mbili zilipotea katika kuitafuta.

Na str naye ana mpaka wake: apokee yote, mkwaju haupokei, kwa kuwa mkwaju ndio ukuta wa vyumba vya anwani. Nchi ya Tanzania hupenda mikwaju katika namba zake. Namba ya mtahiniwa wa kidato cha nne, mathalani, huandikwa namba ya shule kwanza, ukafuata mkwaju, kisha namba ya mwanafunzi. Mtoto wa Ihungo au wa Rugambwa akiitia namba yake nzima katika tundu moja, kiunzi huona vyumba viwili, na hujibu kwamba ukurasa haupo. Fundi mwepesi hulalamika kwamba serikali imeweka alama mbaya. Fundi mwenye subira hutambua kwamba namba ile ilikuwa mbili tangu mwanzo, ya shule na ya mtu, akaitengea matundu mawili. Na anwani yake huwa bora kuliko aliyoikusudia.

Yupo atakayeuliza kwa nini wasitumie majina, ambayo ndiyo watu huitana kwayo. Kijana mwenyewe alijaribu. Alitaka anwani zianze kwa mahali, kisha mtu, zipate kusomeka kama barua. Lakini mahali katika Kagera si pa kutegemewa kwa majina. Kagondo ni kata ya Manispaa ya Bukoba. Kagondo pia ni penye hospitali ijulikanayo huko Muleba. Katoro iko Bukoba Vijijini, na Katoro nyingine, yenye soko la kelele, iko Geita. Neno Bukoba peke yake halitoshi, maana kuna halmashauri ya manispaa na kuna halmashauri ya wilaya, na zote mbili ni Bukoba. Wilaya ya mpakani huandikwa Missenyi na wengine, Misenyi na wengine, na kompyuta, tofauti na mtu wa Kyaka, haijui kwamba hizo ni moja.

Yako makubwa zaidi. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi 1979, ulipochukua jina la mto Kagera baada ya vita. Chato ilikuwa wilaya ya Kagera; mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Geita, ikahamia huko pamoja na vijiji vyake, hali watu wake hawakuhamisha hata jiwe la jikoni. Tovuti iliyokuwa imeandika kagera/chato/ katika anwani zake ilikuwa na haja ya kuchagua mawili: kusema uongo, au kuzivunja anwani zote ambazo watu walikwisha zihifadhi. Tim Berners-Lee, aliyeubuni mtandao wa kurasa, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na kwamba zinapobadilika sababu si mashine bali ni watu waliotia ndani yake mambo ya kupita. Jina la mkoa ni moja ya mambo hayo. Hata namba za posta, zilizopangwa upya nchini na ambazo kwa Kagera huanza kwa 35, zimebeba ndani yake mkoa na wilaya, na zitasumbuka siku mipaka itakaposogezwa tena. Kijana aliacha mahali, akabaki na namba ya mwanachama, sifuri zake zote.

Hapo kazi ilionekana imekwisha. Kila mwanachama alipewa neno la siri, akaingia, akapelekwa kwenye ukurasa wa namba yake. Majuma mawili yalipita kwa sifa.

Jioni moja karani aliingia kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa naye ana kibanja chenye migomba na mibuni. Alisoma kilo zake. Kisha, kwa udadisi tu, aligusa anwani iliyo juu ya kioo, akafuta tarakimu ya mwisho, akaandika nyingine. Ukurasa wa jirani yake ukafunguka: kilo, makato, deni la pembejeo, salio. Akabadili tena, akamwona shemeji yake. Alimpigia kijana simu usiku uleule.

"Mwanangu, nyumba uliyotujengea ina mlango mmoja wa mbele, na ndani vyumba vyote viko wazi."

"Mama, mtu hawezi kuziona za mwenzake bila kuijua namba ya mwenzake."

"Namba za wenzake hubandikwa mlangoni pa chama kila siku ya mkutano. Zimekuwapo hapo tangu baba yako hajaoa."

Kijana alinyamaza. Alikuwa ameidhania namba kuwa ufunguo. Funksheni yake ilipokea 0045 na kuuliza swali moja tu: je, yuko mkulima mwenye namba hii? Ikimpata, ilimwonyesha kwa yeyote aliyeuliza, almradi mwulizaji amepita mlango wa mbele. Haikuuliza: je, huyu anayeuliza ni nani kwake? Na kiunzi hakikumwonya, kwa sababu si kazi ya kiunzi kujua nani ana haki juu ya nini. Tundu lilikamata parameta kwa uaminifu, likaikabidhi kwa uaminifu, na uaminifu wa tundu ukachukuliwa kuwa uaminifu wa mtu. Si kosa la kijana huyo peke yake. Jumuiya ya OWASP, inayoorodhesha hatari za programu za mtandao, iliuweka udhaifu wa namna hii, yaani watu kuyafikia wasiyoruhusiwa, kuwa wa kwanza katika orodha yake ya 2021.

Mtu wa mbali atasema: kilo za kahawa ni siri gani? Mtu wa Kagera hatasema hivyo, kwa kuwa anaijua butura. Butura ni biashara ya kuinunua kahawa ingali mtini, pengine ingali maua, kwa bei ya chini kupita kiasi, kutoka kwa mwenye mibuni aliyebanwa na ada ya shule au gharama ya hospitali. Serikali imeipiga marufuku. Haja ya fedha haijapigwa marufuku. Mnunuzi wa butura huishi kwa kujua jambo moja ambalo wengine hawalijui: nani amebanwa. Zamani ilimpasa alitafute kwa kukaa vilabuni, kusikiliza misiba, kuhesabu watoto wa watu waliorudishwa kutoka shule. Ukurasa wa kijana ungempa orodha nzima akiwa amelala kitandani: huyu alipeleka kilo chache msimu uliopita, huyu ana deni lisilolipika, huyu salio lake ni sifuri na mwezi ni Januari. Kumbadilishia tarakimu moja kungetosha, na asubuhi angebisha hodi kwenye mlango uliostahili, kwa sauti ya huruma.

Na kahawa ni jambo dogo likipimwa na mengine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu, mwaka 1983. Kila familia ya Bukoba na Muleba yenye umri wa kutosha ina kaburi la miaka ile, na inajua neno lililonong'onwa lilivyoweza kuvunja ndoa au kumnyima mtoto mahali pa kulala. Ndiyo maana kliniki humwita mgonjwa kwa namba ya kadi. Namba ile ilibuniwa impe mtu stara. Ikitiwa katika anwani ya ukurasa unaofunguka kwa yeyote, stara yenyewe ndiyo iliyogeuka njia ya kumfikia. Hapo hata namna ya kukataa yataka hekima. Funksheni yaweza kumjibu mgeni kwa 403, maana yake hairuhusiwi. Au kwa 404, maana yake haipo. Jibu la kwanza lina unyofu, lakini limekwisha mwambia mgeni kwamba faili liko. Katika kliniki, kuwako kwa faili ndiyo habari yote. Heri aambiwe haipo, kama asiyekuwa na haki na aliyekosea namba waambiwavyo neno moja.

Shauri la kwanza la kijana lilikuwa kuibadili namba iwe ndefu isiyokisika. Django ina bawabu wa kazi hiyo, aitwaye uuid, apokeaye kitambulisho cha alama thelathini na sita kilichofumwa kwa bahati nasibu. Na ni kweli kwamba hapana atakayekipata kwa kujaribu tarakimu moja moja. Lakini anwani haikai kimya. Husalia katika kumbukumbu ya kivinjari, huandikwa katika daftari la seva, hutumwa katika ujumbe kwa ndugu aliyeko Mwanza. Na simu moja ya Kamachumu hushikwa na baba, mama na watoto wanne. Kitambulisho kirefu ni namba ya sanduku yenye tarakimu nyingi tu. Ni sitara nzuri ya kuongeza, si ya kutegemea.

Alichofanya mwisho kilikuwa kifupi. Katika funksheni, badala ya kuagiza "nipe mkulima mwenye namba hii", aliagiza "miongoni mwa kumbukumbu ambazo huyu aliyeingia ana haki ya kuziona, nipe yenye namba hii". Maneno machache ya Python, mstari mmoja. Mwanachama akitaja namba yake, hupata. Akitaja ya jirani, huambiwa haipo. Karani, kwa cheo chake, huziona zote, na kila anapofungua moja jina lake na saa huandikwa.

Kisha aliona jambo lililomfurahisha kuliko yote. Mkulima anayesoma habari zake mwenyewe hana haja ya kutaja namba hata kidogo, maana amekwisha jitambulisha mlangoni. Basi aliwaandikia wanachama anwani isiyo na tundu lolote: malipo-yangu/. Ni ileile kwa watu wote, na humwonyesha kila mmoja yaliyo yake. Hapana tarakimu ya kubadili. Mafundi wengi hutumia muda mwingi kujifunza namna ya kuipitisha parameta, na wachache hutumia muda wa kuuliza kama inahitajika. Anwani yenye tundu ilibaki kwa karani peke yake, ambaye kazi yake ni kuwatafuta wengine.

Lilibaki shauri la misimu. Kitu kinachochuja tu, si kutambulisha, huweza kutajwa nyuma ya alama ya kuuliza mwishoni mwa anwani, hivi: ?msimu=2023. Kinachoandikwa huko hakipiti kwa bawabu. Hufika mikononi mwa funksheni kama maandishi matupu, na mtu akiandika?msimu=masika ni juu ya funksheni kumstahimili. Kijana alikuwa ameyaweka hivyo, na mama hakuona ubaya, hata alipofariki mzee wa bondeni, nambari arobaini na tano.

Mzee alikufa kati ya malipo ya kwanza na ya pili. Mjane wake alikuja chamani, na karani akauliza swali ambalo kijana hakuwa na jibu lake: namba hii ni ya mtu au ya kibanja? Ikiwa ya mtu, imekufa naye, na kilo za mavuno yajayo hazina pa kuandikwa. Ikiwa ya kibanja, yamfuata atakayerithi, na madeni yote ya marehemu yatasomwa chini ya jina la mwingine kana kwamba ndiye aliyekopa. Urithi wa kibanja kwa Wahaya si jambo la kumalizwa na kompyuta. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, ikiketi Mwanza, ilisema kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanamume; hukumu hiyo ni mashuhuri, na mashauri ya wajane hayakuisha kwayo. Ukoo wa mzee ulikuwa haujakaa bado.

"Usimpe mtu kilicho cha marehemu kabla ya kikao," karani alimwambia kijana. "Wala usikifute."

Basi msimu ukaondolewa nyuma ya alama ya kuuliza, ukapewa chumba chake katika anwani ya karani: kwanza namba ya mwanachama, kisha mwaka. Yaliyoandikwa chini ya 45 na 2023 yakafungwa kama yalivyo, ya mzee milele. Mjane akaandikishwa kwa namba mpya, na kilo za msimu uliofuata zikaanza kuhesabiwa chini yake, pasipo kusema lolote juu ya ardhi. Hakuwa na simu. Karani alifungua kurasa zote mbili kwa cheo chake, akazichapa, akamsomea polepole, ya kwanza na ya pili. Na mjane, alipokwisha kuelewa kwamba makato ya mumewe hayamo katika karatasi yake, aliomba wino, akatia dole gumba, akazikunja zote mbili katika pindo la kanga.